Utabiri wa baridi Marekani kwa siku mbili tatu zijazo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naendesha trela katika barabara za Marekani, na huu ni msimu wangu wa kumi na moja wa theluji. Kila ifikapo Novemba simu yangu hujaa maswali. Wanauliza madereva wenzangu, wanauliza akina dada wanaotunza wazee zamu za usiku, wanauliza wazazi waliofika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ambao hawajawahi kushika theluji kwa mkono. Nimeyakusanya hapa. Nitasema jambo moja mapema: wengi ninaowajua waliopatwa na mabaya barabarani hawakukosa utabiri. Waliusoma, ila hawakusoma saa wala mahali.

Utabiri wa muda mfupi ni upi hasa?

Ni ule wa kuanzia sasa hadi kama saa 60 mbele, yaani siku mbili na nusu. Kwa nchi nzima unaandaliwa na Weather Prediction Center, kituo kilichopo College Park, Maryland. Kituo hicho ni cha National Weather Service, idara ya serikali iliyoanza kazi mwaka 1870. Mara mbili kwa siku wataalamu wake huandika maelezo mafupi: mkandamizo mdogo wa hewa, ule unaoleta dhoruba, unaelekea wapi, hewa ya Aktiki, yaani ya ncha ya kaskazini ya dunia, inashuka kutoka Kanada hadi jimbo gani, theluji itaanguka wapi na wapi itakuwa mvua. Kisha ziko ofisi 122 zilizotawanyika nchini, kila moja na eneo lake. Hizo ndizo zinazotoa utabiri wa mji wako na kutangaza hatari.

Usiuchanganye na utabiri wa msimu. Ule unatoka tangu Oktoba na hukwambia tu majira yanaelemea wapi. Kwa mfano, La Niña, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta yakipoa kuliko kawaida, hiyo hiyo ambayo huko nyumbani mara nyingi hutupunguzia mvua za vuli, huku mara nyingi huyafanya majimbo ya kusini kuwa makavu na yenye joto kuliko kawaida. Ni habari ya maana kwa mkulima na muuza mafuta ya kupashia nyumba. Haikusaidii kuamua kama uondoke leo saa mbili usiku au ulale hapo ulipo.

Si niangalie tu ramani ya nchi nzima, au ile alama ya theluji kwenye simu?

Kutoka pwani hadi pwani ni kama kilomita 4,500, zaidi kidogo ya kutoka Dar es Salaam hadi Lagos ukipita moja kwa moja angani. Asubuhi ileile ya Januari, Miami watu wamevaa kaptura, na International Falls, Minnesota, kwenye mpaka wa Kanada, maji ya moto ukiyarusha juu yanageuka moshi. Ramani inakupa umbo la mambo. Haikwambii kilima unachopanda saa kumi jioni kina hali gani.

Mimi nafanya hivi. Nikitoka Salt Lake City kwenda Omaha kwa barabara ya I-80, ramani ya taifa naitazama kwa dakika moja. Halafu nafungua weather.gov, tovuti ya National Weather Service, naandika jina la kila mji ninaoupita: Evanston, Rock Springs, Rawlins, Laramie, Cheyenne, North Platte. Kwa kila mji nafungua ule mchoro wa saa kwa saa na kuangalia saa *nitakayokuwa pale*. Hali ya Cheyenne ya sasa hivi hainihusu. Nitafika Cheyenne usiku.

Ile alama ya theluji kwenye simu inaficha mengi. Inaweza kumaanisha vumbi la theluji la nusu saa au dhoruba ya siku nzima, na alama ni ileile.

"Watch", "advisory" na "warning" zinatofautianaje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na linapotosha watu kwa sababu nzuri tu: yote matatu kwa Kiswahili tungeyaita tahadhari.

"Winter Storm Watch" maana yake viungo vya dhoruba vipo, ila bado hawana uhakika wa saa, mahali au kiasi. Kwa kawaida hutoka siku moja au mbili kabla. Huu ndio wakati wa kununua chakula na dawa, kujaza tangi na kupiga simu kazini. "Winter Weather Advisory" maana yake hali mbaya inakuja au imeshafika, itakusumbua na inaweza kukuangusha usipojihadhari, lakini haijafikia kiwango cha dhoruba kamili. "Winter Storm Warning" maana yake imefika au inafika, na ni hatari kwa maisha. Ukiona neno hilo la mwisho, muda wa kujiandaa unakaribia kwisha.

Kuna jambo la rangi ambalo sijaona mtu akilisema. Sisi tuliozoea Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania tunajua njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwenye ramani ya Marekani hakuna ngazi hiyo. "Warning" ya dhoruba ya theluji ina rangi ya waridi, "advisory" ni zambarau, "watch" ni bluu iliyofifia. Nimekutana na kijana aliyeona waridi akadhani ni jambo dogo, akawa anasubiri nyekundu. Usisubiri nyekundu. Soma neno.

Jingine: tangu Oktoba 2024 majina ya matangazo ya baridi kali yamebadilishwa. Lile la "Wind Chill Warning" sasa ni "Extreme Cold Warning", na lile la "advisory" limekuwa "Cold Weather Advisory". Uzito wake ni uleule.

Mbona Georgia inchi mbili zinafunga jimbo, na Minnesota inchi mbili hakuna anayegeuka?

Kwa sababu viwango vinawekwa kulingana na mahali. Minnesota wana magari ya kusukuma theluji, chumvi ya kutosha, na watu waliojifunza kuendesha kwenye theluji tangu ujana. Tarehe 28 Januari 2014 Atlanta ilipata inchi mbili na ushee tu. Watu wote wakatoka maofisini na shuleni saa zilezile za mchana, barabara zikageuka kioo, maelfu wakalala ndani ya magari na watoto wakalala madarasani. Kwa hiyo ukihamia kusini usijigambe kwamba uliishi Minneapolis. Barabara isiyo na chumvi haijui umetoka wapi.

Utabiri unasema "Tuesday night". Ni usiku upi?

Ni usiku wa kuamkia Jumatano: kuanzia saa kumi na mbili jioni ya Jumanne hadi saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatano. Sisi Waswahili tuna neno sahihi kabisa kwa hili, kwa hiyo litumie unapomweleza mtu. Ukimwambia bibi "theluji usiku wa Jumanne", kuna wazee kwetu watakaoelewa usiku wa kuamkia Jumanne, na watakuwa wamewahi kwa siku nzima.

Saa nazo ziangalie. "After 7 PM" ni baada ya saa moja usiku. Mama mmoja alinipigia akilalamika kwamba walitabiri theluji saa saba usiku na yeye akaikuta saa moja tayari imejaa barazani. Utabiri ulikuwa sawa. Mwanawe alimsomea tarakimu bila kutafsiri saa.

Na zile saa zenye herufi Z, kama 00Z na 12Z?

Hizo ni saa za dunia, zile za Greenwich. Saa 00Z na 12Z ndizo kuu, kwa sababu ndizo za vipimo vya maputo yanayorushwa angani dunia nzima kupima joto, unyevu na upepo wa juu. Vipimo hivyo huingizwa kwenye kompyuta zinazopiga hesabu za utabiri.

Nitakupa siri niliyoigundua nikiwa nimeegesha Des Moines. Ukiwa katika majira ya kati ya Marekani, yaani Chicago, Minneapolis, Dallas, Houston, wakati wa baridi saa za Z zinalingana na saa yetu ya Kiswahili. Saa 12Z ni saa kumi na mbili asubuhi. Saa 15Z, toa 12, ni saa tatu asubuhi. Saa 19Z ni saa saba mchana. Saa 00Z ni saa kumi na mbili jioni, na 03Z ni saa tatu usiku. Wamarekani wenyewe inawabidi watoe sita kila mara. Sisi tunasoma moja kwa moja. Saa zikisogezwa mbele mwezi Machi, hesabu hiyo inakwisha.

Kwa nini jana walisema inchi nane na leo wanasema tatu?

Mara nyingi ni kwa sababu ya mstari mmoja: mpaka wa mvua na theluji. Dhoruba zinazopanda na pwani ya mashariki, kupitia Washington, Philadelphia, New York na Boston, huleta hewa ya joto kutoka baharini upande mmoja na baridi ya bara upande wa pili. Mpaka huo ukisogea kilomita 30 tu kuelekea bara, mji uliongojea theluji unapata mvua. Hesabu za kompyuta zinatofautiana hapo: ule mfumo wa Marekani unaoitwa GFS unaweza kusema hivi, na wa kituo cha Ulaya ukasema vile. Ndiyo maana mtabiri mwangalifu hukupa kiwango, kwa mfano inchi tatu hadi saba, pamoja na uwezekano wake.

Sababu ya pili ni theluji yenyewe. Kwa kawaida inchi moja ya maji hutoa kama inchi kumi za theluji, lakini baridi ikiwa kali theluji huwa nyepesi kama pamba na inchi huongezeka, na ikiwa karibu na sifuri huwa nzito, yenye maji, na inchi hupungua. Hiyo nzito ndiyo inayovunja matawi na migongo ya wenye kupiga koleo.

Theluji, chenga za barafu, mvua inayoganda: nihofie ipi?

Mvua inayoganda. Theluji unaiona, na kasi unapunguza mwenyewe. Mvua inayoganda inakuja kama mvua ya kawaida. Juu kuna tabaka la hewa yenye joto linaloyeyusha theluji, chini karibu na ardhi kuna hewa iliyo chini ya nyuzi sifuri. Tone linafika chini likiwa maji, linagusa lami, waya au tawi, linaganda palepale. Likiganda likiwa bado angani kabla ya kufika, linakuwa chenga ngumu inayoruka kwenye kioo cha gari. Hiyo ni afadhali, angalau tairi linapata cha kushika. Barafu ikifikia unene wa robo inchi hivi ndipo hutangazwa "Ice Storm Warning", na kwa unene huo miti huanza kuanguka juu ya nyaya za umeme.

Dereva mzee wa Iringa ndiye aliyenifundisha hili, na limeniokoa mara mbili. Barabara ikiwa imelowa, tazama matairi ya gari lililo mbele. Yakirusha maji, ni maji. Lami ikiendelea kung'aa kama imelowa lakini matairi yameacha kurusha, basi uko juu ya barafu tayari. Usikanyage breki. Achia mafuta taratibu, shika usukani bila kuukaza, acha gari lipungue lenyewe. Kisha tazama kioo cha pembeni: utaona mkono wa kioo umevaa ganda jembamba linalong'aa upande wa mbele. Ukiona ganda hilo, njia ya kutokea inayofuata ndiyo yako.

Madaraja huganda kwanza, kwa kuwa baridi inayapiga juu na chini.

Wanasema nyuzi 0 lakini mwili unasikia 19 chini ya sifuri. Ni nini hicho?

Kwanza kumbuka ni Farenhaiti. Maji huganda kwenye 32, na 0 yao ni kama 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Kwa haraka, toa 30 kisha gawa kwa mbili. Si sahihi kabisa, hasa baridi ikizidi, lakini inakupa picha.

Ile namba ya pili ni baridi ya upepo. Mwili wako unatengeneza tabaka dogo la joto juu ya ngozi, upepo unalipeperusha. Joto likiwa 0 Farenhaiti na upepo ukivuma maili 15 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni 19 chini ya sifuri, na inaweza kuungua kwa baridi ndani ya dakika 30. Masikio, pua na vidole ndivyo vya kwanza. Dada unayesubiri basi baada ya zamu, soma namba hiyo, si ile ya kwanza. Na mtoto wa shule mvishe kwa namba hiyo.

Ile theluji inayoletwa na ziwa inakuwaje? Ndugu zangu wako Buffalo.

Buffalo wako Wakongo na Warundi wengi, kwa hiyo hili naliandika kwa uzito. Mwisho wa mwaka maji ya Ziwa Erie na Ziwa Ontario bado yana joto la kiangazi kilichopita. Hewa baridi inapovuka juu yake inachota joto na mvuke, mawingu yanajijenga, na ng'ambo ya pili yanamwaga theluji kwa ukanda mwembamba, wakati mwingine wa kilomita chache tu. Wewe umezikwa, jirani wa mtaa wa mbele anaota jua. Novemba 2022, vitongoji vya kusini mwa Buffalo vilipata zaidi ya inchi 70, karibu urefu wa mtu, na vya kaskazini vikapata kidogo sana kwa kulinganisha.

Hapa ndipo utabiri wa siku tatu haukutoshi. Ukanda huo unafuata upepo, na upepo ukigeuka kidogo nao unahama. Fuata utabiri wa saa chache na rada.

Mwezi mmoja baadaye, kuelekea Krismasi, ilikuja "blizzard" iliyoua zaidi ya watu 40 Buffalo na viunga vyake. Neno hilo lina kipimo: upepo wa maili 35 kwa saa au zaidi, macho yasione zaidi ya robo maili, kwa saa tatu au zaidi. Haihitaji hata theluji mpya. Iliyolala chini ikipeperushwa inatosha. Wengine walikufa ndani ya magari, wengine wakitembea nje. Na tangazo lilikuwa limetoka mapema. Likitoka tena, mwambie nduguyo asitoke hata kama bosi anampigia.

Nina gari tupu na ofisi inasukuma. Wyoming kunapitika?

Angalia upepo kabla ya theluji. Kati ya Laramie na Rawlins, hasa Arlington na Elk Mountain, upepo unashuka kutoka milimani na kulaza trela tupu ubavu. Jimbo huifunga I-80 kwa magari marefu mepesi, na kwenye vibao huandikwa hivyohivyo.

Niliwahi kuondoka Cheyenne saa kumi jioni na trela tupu. Utabiri wa Cheyenne nilikuwa nimeusoma, ulikuwa mzuri. Wa Arlington sikuusoma. Aliyekuwa akipanga safari ofisini alisisitiza mzigo unangoja, nami nikakubali. Nilipokaribia Laramie trela lililokuwa mbele yangu liliinua matairi ya upande wa kulia, nikaona mwanga chini yake, likarudi chini kwa kishindo. Nikaingia Laramie, nikakaa hapo kwa muda wa saa kumi na tisa. Mzigo ulichelewa, ofisi ilikasirika, na mimi niko hapa naandika.

Dizeli nayo huganda nta baridi ikizidi. Dawa yake itie kabla, kwenye tangi lenye joto, ikishaganda umechelewa.

Je, simu italia kunionya?

Kwa "Winter Storm Warning", hapana. Watu wengi hawajui hili. Zile sauti kali za dharura kwenye simu hutumika kwa vimbunga na mafuriko ya ghafla, na kwa theluji hutumika kwa "Snow Squall Warning" zile kali tu: theluji ya ghafla yenye upepo, inayokuja kama pazia na kupita ndani ya nusu saa au saa moja. Machi 2022 pazia la namna hiyo lilisababisha magari zaidi ya 70 kugongana kwenye I-81 huko Pennsylvania, na watu sita wakafa. Simu ikilia kwa hilo ukiwa barabarani, toka barabara kuu mapema. Usiegeshe begani mwa barabara.

Na majina ya dhoruba?

Ni ya kituo cha televisheni, tangu 2012. Serikali haizipi majina dhoruba za theluji, kwa hiyo usitafute jina kwenye tangazo rasmi.

Niko Texas. Haya yananihusu?

Yanakuhusu sana. Februari 2021 Dallas ilishuka hadi 2 chini ya sifuri Farenhaiti, karibu 19 chini ya sifuri Selsiasi. Nyumba na biashara zaidi ya milioni nne zilikosa umeme, na hesabu rasmi ya jimbo ni watu 246 waliokufa. Hewa ya Aktiki ilionekana ikija siku kadhaa kabla. Nyumba za kule hazikujengwa kwa baridi hiyo, mabomba yakapasuka ukutani.

Nakuomba kitu kimoja, wewe uliyelelewa na jiko la mkaa. Umeme ukikatika usiliingize ndani, hata ukifungua dirisha kidogo. Usiwashe gari ndani ya gereji, wala jenereta barazani. Moshi wenye kaboni monoksidi hauna harufu, na nyumba za huku zimezibwa pande zote ili joto lisitoke. Texas kule watu walikufa hivyo, familia zikilala pamoja. Kaeni chumba kimoja, zibeni chini ya mlango kwa taulo, vaeni nguo tabaka kwa tabaka, na pigeni 211 kuuliza kituo cha joto kilicho karibu. Mtu akianza kuumwa kichwa na kichefuchefu ndani ya nyumba yenye moto, tokeni nje wote, pigeni 911.

Niangalie mara ngapi kwa siku?

Siku ya tatu kabla ya safari, mara moja, kujua kama kuna "watch". Siku ya kabla, asubuhi na jioni. Usiku kabla ya kulala, kwa kila mji wa njiani na saa yake. Alfajiri kabla ya kuwasha injini, tena, kwa sababu hesabu za usiku zimeshaingia. Papo hapo angalia pia 511, namba ya hali ya barabara katika majimbo mengi. Na ukiwa umesimama kujaza mafuta, uliza dereva anayetoka kule unakoelekea.